Sakafu ya Mwalimu Ilivyoelekea Ziwani

Jumatano, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Ndipo ilipoanza. Najua saa kamili kwa sababu Mwalimu Ochola alinitazama, akatazama saa yake ya mkononi, akamwambia Baba, "Fundi, mmechelewa dakika ishirini."

Leo nimeaibika vibaya. Si ile aibu ya kuteleza kwenye matope halafu unainuka ukijifanya ulikuwa unatafuta kitu. Hii ni ya watu wazima kumi na mmoja, wamesimama, wananitazama mimi peke yangu. Mmoja wao nimemlowesha miwani. Naandika nikiwa nimelala kwa tumbo kwa sababu mgongo umekataa namna nyingine yoyote. Mercy na Atieno, daftari hili nitawapa shule zikifunguliwa. Najua mtasikia tu, hata mkiwa huko Kendu Bay, kwa hivyo heri msikie kwangu kabla kisa hakijaongezwa chumvi.

Kwanza mjue Baba. Baba ni fundi wa simiti. Amefanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa, lakini hapa Uriri watu wanamjua kwa kitu kimoja: makaburi. Mtu akizikwa na familia ikitaka kaburi lifunikwe kwa simiti, wanamwita yeye, Okumu. Analipiga laini, anaandika jina kwa msumari, anakuja nyumbani. Ni kazi ya heshima. Shida ni kwamba imemganda. Sokoni wanamwita Okumu Kaburi, na watu wakijenga nyumba wanaogopa kumwita, eti ataleta mkosi. Wengine wanasema wateja wake hawajawahi kulalamika kwamba sakafu haiko sawa. (Mimi nilicheka siku niliposikia hiyo. Baba hakucheka.)

Sasa Mwalimu Ochola. Ni mwalimu mkuu mstaafu, na amestaafu darasani tu, kwingine kote bado anasahihisha. Amejenga nyumba ya matofali, na binti yake aliye Nairobi amemletea kwa lori vipande vya mbao vya kupanga sakafuni, vidogo vidogo kama biskuti, vya kutosha sebule nzima. Sakafu ya mbao! Uriri! Vilipoteremshwa barazani watu walidhani ni kuni. Jirani mmoja aliomba achukue kidogo tu akakaangie samaki.

Lakini mbao hizo hazitaki mchezo. Zinataka simiti ya chini iwe sawa kama meza, la sivyo zinainuka moja moja, unajikwaa sebuleni kwako mwenyewe. Na simiti ya Mwalimu ilikuwa imemwagwa na shemeji yake aliyekuwa na haraka ya kwenda mahali. Katikati iliinuka kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Kona ya nyuma ilikuwa imebonyea hadi kuku alikuwa ametaga hapo.

Mwalimu alimwambia Baba wazi: "Okumu, sawazisha hiyo simiti kwanza. Nikiridhika, ikishakauka, mbao utaweka wewe. Nisiporidhika, naenda posta napiga simu Kisumu. Kuna fundi huko."

Baba alisema, "Sawa, Mwalimu," kama mtu ambaye hajali. Lakini wiki mbili nzima nilimwona jioni nyuma ya nyumba, amechuchumaa, anapanga vipande vya mbao mbovu chini, anavipangua, anavipanga upya. Akisikia mtu anakuja anavikusanya kama mtoto aliyekutwa na sukari. Alitaka nyumba moja tu, moja, ambayo watu wataingia wakiwa hai waseme Okumu ndiye aliyefanya hii.

Mimi niliingiaje hapo? Ouma. Ouma ndiye msaidizi wa Baba. Jumatatu alikwenda Muhuru Bay kwenye matanga ya kwao, akaondoka na mfuko wake wa kazi, na ndani ya mfuko kulikuwa na pima maji ya Baba, ile ndefu yenye kioo ya kupimia usawa. Baba alipogundua alitazama msumari ilipokuwa ikitundikwa. Halafu akanitazama. Mimi nilikuwa napepeta maharagwe, sina hatia yoyote.

"Akinyi, wewe si uko kidato cha tatu?"

"Ndiyo, Baba."

"Si mnafanya Fizikia?"

"Tunafanya." (Sikutaja alama. Hakuuliza.)

"Basi utanishikia mpira."

Niwaeleze huo mpira, msije mkasema nimewaacha njiani. Fundi asiye na pima maji anatumia mpira mrefu wa maji, ule mweupe unaoonyesha ndani. Unaujaza maji, midomo yote miwili iko wazi. Mmoja anashika huku, mwingine kule, katikati mpira umelala chini. Maji ya huku na maji ya kule yatasimama kimo kimoja, hata mkitenganishwa na ukuta. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni, nishike mdomo wangu karibu na alama ya penseli ambayo Baba alichora kwenye fremu, nisitikisike. Baba anaenda konani na mdomo wake, anapandisha, anashusha, mpaka mimi nione maji yangu yamefika kwenye alama. Anauliza, "Sawa?" Najibu, "Sawa!" Anachora ukutani. Tukimaliza kona zote anapima kutoka kwa alama hizo kushuka chini, anajua simiti ifike wapi.

Rahisi, sivyo? Hata mbuzi angeweza, kama mbuzi angekuwa na mikono. (Na mbuzi hasalimiwi.)

Kona ya kwanza, ya dirishani, ilienda vizuri. Maji yalicheza cheza, yakatulia, nikasema sawa, Baba akachora. Nilijisikia mtu muhimu kwa karibu dakika nne.

Halafu akaja Mzee Nyamori, mzee wa kanisa, na baiskeli yake. Alikuwa amesikia habari za mbao. Na mnajua kwetu: mtu akifika anasalimia kila aliyepo, kwa mkono, mmoja mmoja, hata kama mko arobaini na mvua inanyesha. Aliyesimama mlangoni ndiye wa kwanza. Mlangoni nilikuwa mimi.

"Misawa, nyathina!" yaani salamu, mwanangu. Akanyoosha mkono.

Mimi, mnanijua. Mtu mzima akinisemesha damu yote inapanda masikioni. Siwezi kumwacha mzee wa kanisa na mkono hewani. Na siwezi kumpa mkono mmoja kama ninampa chenji. Msichana anatoa wa kulia, wa kushoto unashika kiwiko, magoti yanakunjika kidogo. Hivyo ndivyo Mama alinilea. Nikakunja magoti. Mpira nao ukashuka pamoja nami. Maji yakamwagika yote kwenye kiatu chake cha Sabato.

"Woi! Samahani, Mzee!"

"Hakuna neno, hakuna neno," akasema, akikung'uta mguu kama paka.

Baba akaja na jagi, akaujaza mpira upya.

Nikasimama pale nikifikiria. Watu walikuwa bado wanakuja, niliwaona njiani: kina mama watano wa kikundi cha maombi, wametoka kwa mgonjwa, wanapita "kuona kidogo tu". Nikasema moyoni, Akinyi, usimwagie mtu mwingine maji leo. Na hapo ndipo nilipopata akili. (Naomba msamaha kwa kuita kitu hicho akili.)

Nikaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba.

Jameni, ilifanya kazi vizuri! Mkono wa kushoto umeshika mpira, kidole gumba juu yake kama kizibo, na mkono huohuo unashika kiwiko cha kulia. Magoti yanakunjika, maji hayatoki hata tone. Nikawasalimia kina mama wote watano kwa heshima kamili. Mama Rose, mke wa Mwalimu, naye akatoka jikoni kuwapokea wageni, nikamsalimia pia ingawa tulikuwa tumesalimiana tulipofika.

"Huyu ni wa Okumu?" mmoja akauliza.

"Ndiye. Yule wa sekondari."

"Aa yawa! Anasoma na anashika mpira?"

"Ni mpole. Hata haongei."

Walikuwa wananizungumzia hapo hapo, mbele ya uso wangu. Nilitazama maji yangu. Ni kitu pekee kilichokuwa hakiniulizi maswali.

"Akinyi!" Baba akaita kutoka kona ya nyuma, ile ya kuku. "Sawa?"

Nikatazama. Maji yalikuwa kwenye alama, barabara. "Sawa!"

"Haraka hivyo?"

"Iko sawa, Baba!"

Akachora. Akaenda kona zilizobaki. Nami nikawaona wazee wengine wawili wanaingia langoni, basi sikuona sababu ya kutoa kidole na kukirudisha. Nikakiacha palepale. Maji yangu yalitulia. Sijawahi kuona maji yenye nidhamu namna hiyo. Baba anapandisha upande wake, yangu hayasogei. Anashusha, hayasogei. Nilidhani nimekuwa hodari wa kusimama.

"Sawa?"

"Sawa!"

Baba akachora alama ya mwisho akarudi anatabasamu. Baba! Anatabasamu kazini! "Ouma huchukua asubuhi nzima na hii," akasema. "Wewe umenimalizia kabla ya chai."

Nilikunywa chai hiyo kwa furaha. Acha nikumbuke furaha hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo ya mwisho kwenye daftari hili.

Kutoka hapo ni kazi tu. Baba alibomoa ule mgongo wa ng'ombe kwa tindo na nyundo, mimi nikazoa vifusi. Tukafagia. Tukamwagia maji. Nikachanganya mchanga na simiti kwa sepetu, nikageuza, nikageuza, nikamwaga maji, nikageuza tena. Nikajaza karai. Nikabeba. Baba akimwaga na kuvuta kwa ubao mrefu, karai iliyofuata inatakiwa iwe imefika. Kufikia saa saba nilikuwa siwezi kunyoosha vidole. Vilikuwa vimejikunja kama bado vimeshika sepetu. Nilinusa simiti, nilionja simiti, nadhani hata nilifikiria simiti. Wageni walikaa barazani juu ya mbao za Mwalimu wakila njugu, wakinipa pole kila nilipopita. Nilipita mara themanini hivi. Pole themanini hazijazi karai.

Mara moja Baba alisimama akakuna kichwa. "Ajabu. Kona hii nilidhani itameza simiti nyingi. Imechukua kidogo sana."

"Labda tulipima vizuri," nikasema. (Nani alinituma?)

Saa tisa na nusu akapiga mwiko wa mwisho, akatoka kinyumenyume mlangoni. Ilipendeza, haki. Ilikuwa laini, ya kijivu, inang'aa. Baba alisimama akiitazama, mikono kiunoni, simiti hadi kwenye nyusi, na sikumbuki kumwona amesimama wima hivyo tangu lini.

Saa kumi Mwalimu akaja kukagua. Alikuwa na Mzee Nyamori, wazee wale wawili, kina mama watano na Mama Rose. Hakuna aliyekuwa amekwenda nyumbani! Watu wa Uriri hawana mashamba? Wote wakajipanga mlangoni na dirishani, na Mwalimu akainama, akashusha miwani hadi ncha ya pua.

Mnajua simiti mbichi inatoa jasho. Ukishaipiga laini, maji membamba yanapanda juu kidogo. Kwenye sakafu iliyo sawa yanakaa tu hapo hapo mpaka yakauke.

Haya hayakukaa. Tuliyaona sote. Kamstari kembamba kalitoka mlangoni, polepole, kakapita katikati ya sebule, kakakutana na wenzake kutoka dirishani, kakaendelea bila haraka mpaka kona ya nyuma. Huko kulikuwa tayari na kidimbwi.

Mama mmoja akasema, "Yanatembea."

Mwalimu akanyooka. "Fundi."

"Naam, Mwalimu."

"Nilikuomba sakafu. Umenijengea Mto Kuja. Tazama, hata inajua Ziwa liko upande gani."

Kina mama wakacheka. Mmoja akanong'ona, na kunong'ona kwake kungesikika Migori mjini, "Si huyu ni fundi wa makaburi? Kule nani ataona kama maji yanatembea?"

Baba hakugeuka. Niliona tu shingo yake. "Mwalimu," akasema, "mimi nilipima kwa mpira. Kona zote. Maji hayawezi kusema uongo."

"Kweli kabisa. Maji hayawezi." Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Upande wa pili alishika nani?"

Watu kumi na mmoja, Baba akiwa mmoja wao, wakageuka.

Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo. Kikatoka kitu kama mlio wa kifaranga.

"Haya," akasema Mwalimu kwa ile sauti ya ubaoni. "Tufanye jaribio. Hapa barazani. Mtoto, shika mpira kama ulivyoshika asubuhi. Usibadilishe kitu. Fundi, nenda kwenye nguzo ile ya mwisho."

Mpira ukajazwa. Nikasimama kwenye fremu, maji yangu kwenye alama. Mpaka hapo, naapa, bado nilikuwa sijui kosa langu. Nilijua tu kwamba wote wananitazama mikono.

Na wakati huo, kutoka jikoni, akatoka Dani. Mama yake Mwalimu, bibi mzee kabisa, ambaye alikuwa amelala mchana kutwa. Hakujua kuna kesi. Aliona msichana mlangoni, akafanya kile ambacho angefanya mtu yeyote mwenye adabu.

"Misawa, nyakwara," yaani mjukuu wangu. Mkono huo hapo.

Mwili wangu haukuniuliza. Kidole gumba, pap, juu ya mpira. Mkono wa kushoto kwenye kiwiko. Magoti. "Misawa ahinya, Dani." Nikanyooka, nikarudisha mpira kwenye alama, kidole bado juu yake, nikaita kwa sauti nzuri kabisa, "Sawa, Baba!"

Mwalimu akainua mkono watu wanyamaze. "Fundi, pandisha wako."

Baba akapandisha hadi kifuani. "Sasa?"

Nikatazama maji yangu. "Sawa."

Akapandisha juu ya kichwa. "Sasa?"

"Bado... iko sawa."

Mtu akaanza kucheka kupitia puani. Mwalimu akasema, taratibu, "Panda kwenye kiti, fundi." Baba akapanda kwenye kiti, na mdomo wa mpira ukaenda hadi karibu na mabati. Mzee mzima, amesimama juu ya kiti barazani kwa watu, amenyoosha mkono kama anataka kuchuma papai.

"Na sasa, mtoto?"

Maji yangu yalikuwa kwenye alama. Hayakusogea upana wa unywele. Ningesema nini? Niliulizwa maji yako wapi!

"Sawa, Mwalimu," nikasema, machozi yakinilenga.

Baraza zima likalipuka. Mzee Nyamori alishika nguzo. Kina mama waliegemeana. Dani aliuliza, "Kuna nini? Kuna nini?" na hakuna aliyeweza kumjibu. Mwalimu peke yake hakucheka. Alisogea, akainama hadi uso wake ukawa sawa na mpira, akanyoosha kidole kimoja kirefu cha chaki.

"Na hiki," akasema, "kinafanya nini hapa juu?"

Ndipo nilipokiona. Kidole changu. Kilikuwa kimekaa hapo kimestarehe, cheupe kwa kubanwa. Na darasa lote la Fizikia likanirudia kwa mara moja, mpaka mchoro wa ubaoni, kwamba mirija yote lazima iwe wazi juu ili hewa ikandamize sawasawa. Nilikuwa nimefunga maji jela tangu kina mama wale wafike, halafu nikasifu tabia yake nzuri.

Nikafanya lile ambalo mtu yeyote aliyeshtuka angefanya. Nikatoa kidole.

Baba alikuwa bado juu ya kiti, Mercy. Mpira wake ulikuwa bado karibu na mabati, Atieno. Maji yote yaliyokuwa yamezuiliwa yakakumbuka yalikuwa yanaenda wapi. Yakaruka. Mwalimu alikuwa ameinama, uso kwa uso na mdomo wa mpira, amefungua kinywa anasubiri jibu.

Yakaingia kwenye miwani. Yakaingia kwenye kinywa. Yaliyobaki yakashuka kwenye shati na tai. (Alikuwa amevaa tai. Nyumbani. Jumatano.)

Sijui kicheko kilidumu kwa muda gani. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya rundo la mbao nikimpangusa Mwalimu kwa mawazo tu. Nilichokisikia ni Baba anashuka kwenye kiti, anasema, "Mwalimu, kosa ni langu."

"Kosa ni la Newton," nadhani ndivyo alivyosema, lakini alikuwa anakohoa maji. Halafu akasema kitu nilichokisikia vizuri sana. "Kesho saa sita mchana, Okumu. Nikikuta maji yanatembea tena, nakwenda posta."

Baba akachukua ufagio mgumu akaikwaruza ile simiti mbichi yote upande wa nyuma, ile aliyoipiga laini kama kioo, ili nyingine iweze kushika juu yake kesho. Alikwaruza bila kuinua kichwa. Mimi nilishika ndoo. Ndilo jambo baya zaidi la leo, kuliko kicheko. Ile sauti ya ufagio.

Tulitembea nyumbani, yeye anasukuma baiskeli. Nilingoja anigombeze. Tulipita kinu cha kusaga, tulipita soko, bado nangoja. Mwishowe nikasema, "Baba, kesho mwite mtu mwingine."

"Nimwite nani?"

Akaivusha baiskeli kwenye shimo la njiani.

"Maji yalitulia haraka mno," akasema baadaye. "Niliyaona. Miaka yote hii, mpira unanisumbua kila mara, leo unatulia kama picha. Nikafurahi. Sikuuliza. Mtu mzima." Akatingisha kichwa. "Na wewe, jifunze kusema."

"Kusema nini?"

"Kitu chochote, Akinyi. Subiri. Hapana. Chochote."

Nimekula, nimeoga, simiti bado imo kwenye nywele. Nafunga.

Alhamisi, jioni. Nimefungua tena kwa sababu hamtanisamehe nikiishia pale.

Asubuhi tulifika saa moja na nusu. Nilidhani tungewahi kabla ya watu. Walikuwa kumi na saba! Habari zilikuwa zimelala Rongo zikarudi na wageni. Baba akaujaza mpira, akachunguza kama kuna povu ndani, akanipa, akaenda kwenye kona ya kuku. Nikasimama mlangoni, kidole gumba nimekificha ndani ya ngumi kama mwizi aliyekamatwa.

Maji yakaanza kupanda, kushuka, kupanda. Hapo hapo Mama Rose akapanda ngazi, na nyuma yake wengine, foleni nzima, na mkono wake mbele. "Nyar Okumu," yaani binti wa Okumu, "umelalaje?"

Masikio yakawaka. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Nikayakaza. Sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, ilisikika hadi barabarani.

"Mama, subiri! Nisamehe. Sitakupa mkono. Maji hayajatulia."

Mama Rose alibaki na mkono hewani. Foleni yote ikasimama. Nyuma yake mtu akafyonza, mwingine akasema, "Haya, watoto wa sekondari." Sikuondoa macho kwenye alama. Nilisikia jasho likinitoka mgongoni, nikahesabu pumzi. Dani alikuwa kwenye kigoda chake. Akasema, "Mwacheni, ana kazi," na Mama Rose akashusha mkono, akakaa juu ya mbao, na mmoja mmoja wengine nao wakakaa.

"Sawa?" Baba akaita.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, Baba. Shusha kidogo. Shusha. Hapo! Rudi juu kidogo. Sawa."

Alama mpya ilikuwa vidole vinne juu ya ile ya jana. Vidole vinne! Tulirudia kona zote nne, na hakuna aliyeinuka.

Tulijaza, tukavuta ubao, tukapiga mwiko. Saa sita kasoro Mwalimu akaja, tai nyingine, akasimama mbali kidogo nami. Aliinama mlangoni kwa muda mrefu sana. Jasho la simiti lilipanda, likakaa. Likakaa tu. Alizunguka akachungulia dirishani. Akarudi akachungulia mlangoni tena, nadhani alikuwa anatafuta kosa kwa mazoea.

Halafu akasema, "Okumu, zile mbao. Ikishakauka mwezi ujao, utaanza kupanga kutoka dirishani au kutoka mlangoni?"

Baba akaokota kitambaa. Akageukia ukuta akajifanya anapangusa mwiko. Aliupangusa mara nyingi. Ulikuwa safi.

Mimi nilinawa mikono, nikashuka barazani, nikaanza foleni kutoka mwanzo: mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, magoti. Watu kumi na saba. Wote waliniambia pole na kazi, na hakuna hata mmoja aliyecheka mbele yangu. Basi Mercy na Atieno, na nyinyi jaribuni kutocheka.